Umeridhika, mama? Shajara ya mradi wetu wa ganzi na usingizi

Wiki ya 1, Jumatatu

Mganga mfawidhi amekubali. Tumepewa rimu moja ya karatasi, wiki kumi, na onyo kwamba mradi usije ukachelewesha orodha ya upasuaji. Tunachotaka kujua ni hiki: mtu tuliyempa ganzi au dawa ya usingizi anaondoka hapa na kumbukumbu gani? Kama kidonda kimefunga, hilo daktari analifuatilia. Sisi tunatafuta habari za usiku wa kuamkia kisu, za njaa, za baridi ya thieta, za maumivu ganzi ilipoisha, na kama kuna aliyemweleza chochote kabla ya kumwambia ainamishe mgongo.

Hospitali yetu ni ya wilaya, huku kusini kwenye mikorosho. Watoa usingizi tuko watatu, wote wauguzi tuliorudi darasani kusomea usingizi. Kazi zetu nyingi ni akina mama wanaojifungua kwa upasuaji, ngiri, mabusha, na miguu ya vijana wa bodaboda. Sehemu kubwa tunaimaliza kwa ganzi ya mgongo. Mashine ya usingizi tunayo, ila umri wake unastahili shikamoo.

Kabla ya kuanza nilifungua sanduku la maoni la mlangoni mwa wodi ya upasuaji. Nimekuta vocha ya simu iliyokwanguliwa na karatasi moja inayolalamikia bomba la chooni. Kuhusu usingizi, hakuna neno.

Wiki ya 1, Ijumaa

Siku nne za kutafsiri, na mimi nilidhani ni kazi ya jioni moja. Dodoso tulilochagua lilitengenezwa Leiden, Uholanzi, likachapishwa 2008. Linauliza juu ya maelezo aliyopewa mgonjwa, hofu yake, usumbufu wa mwili kama kiu na baridi, uhusiano wake na wahudumu, na huduma yenyewe. Majibu yana ngazi tano, kuanzia ya chini kabisa hadi ya juu kabisa. Ngazi za namna hiyo alizileta mwanasaikolojia wa Marekani, Rensis Likert, mwaka 1932, na sidhani kama aliwahi kumsomea bibi aliyelazwa huku ameshikilia mfuko wa mpira wa mkojo.

Hofu tumeipatia maneno, maumivu pia. Kilichotushinda ni kichwa cha habari: kuridhika. Mwenzangu ndiye aliyeliona. Fomu ambayo mgonjwa anatia dole gumba kabla ya kupasuliwa ni fomu ya ridhaa. Leo tunamwambia aridhie, kesho tunamuuliza kama ameridhika. Mtu aliyelelewa kwao atajibu nini? Kuridhika kwetu ni kupokea ulichopewa bila kununa. Mtoto anayeridhika ndiye anayesifiwa mbele ya wageni. Tumeandaa swali ambalo jibu lake watu walishafundishwa wakiwa wadogo.

Tumeliacha hivyo hivyo. Muda umekwisha.

Wiki ya 2

Wagonjwa kumi na wawili wa kwanza. Nimewauliza mimi mwenyewe, kila mmoja siku moja baada ya upasuaji, na mara mbili mwenzangu. Ngazi ya tano, ngazi ya tano, ngazi ya tano. Mzee mmoja wa busha hakuningoja nimalize kusoma: "Mwanangu, andika zote nzuri, Mungu awabariki." Matroni akafurahi, akataka matokeo yabandikwe kwenye ubao wa Kaizen, ule wa maboresho ya kazi.

Nikamwomba asubiri, kwa sababu ya mama mmoja. Huyu nilimpa ganzi mwenyewe usiku, akatetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Kwenye swali la baridi ameweka kwamba hakuisikia kabisa. Alipokuwa anafunga kanga zake kuondoka nikamfuata.

"Mama, ile juzi hukusikia baridi?"

Akacheka. "Dokta, nilikuwa nakufa kwa baridi. Lakini wewe ndiye uliyekuja kuuliza, na nguo zako za thieta. Ningesemaje?"

Karatasi kumi na mbili nimezifunga kwa raba na kuziweka chini ya droo. Sizitupi. Zinapima adabu ya watu wa wilaya hii, na adabu yao ni ya ngazi ya tano kweli.

Wiki ya 3

Tumebadilisha mambo matatu.

Muulizaji sasa ni dada wa masjala. Havai sare, ana sauti ya taratibu, na kwao ni kijiji cha jirani. Anakaa kwenye kigoda, si kusimama miguuni mwa kitanda kama tunavyosimama sisi kwenye raundi.

Swali la kwanza si la kuridhika tena. Anauliza hivi: "Ndugu yako anakuja kupasuliwa kesho. Utamwambia ajiandae na nini?" Hapo mtu halaumu yeyote, anamhurumia ndugu yake tu.

La tatu ni zile ngazi. Badala ya kusoma "nakubali kiasi", dada anampa mgonjwa korosho tano na kumwambia aweke mezani kadiri anavyoona huduma ilikuwa nzuri. Hili lilidumu siku mbili, maana kuna kijana alikula nusu ya mizani. Fundi wa hospitali ametuletea komwe tano za bao. Wazee wanazishika kama waliozaliwa nazo.

Midomo imefunguka. Nanukuu kutoka daftari la dada, bila kupanga:

"Nitamwambia abebe soksi."

"Ajue atakaa na njaa mpaka jioni."

"Nitamwambia asiogope akisikia wanamvuta tumboni. Mimi nilidhani ganzi imeisha, nikasema shahada kimoyomoyo. Nilinyamaza kwa sababu waliniambia tulia."

Hili la mwisho limeninyima usingizi. Ganzi ya mgongo huzima maumivu, lakini kuguswa na kuvutwa mtu anaweza kuendelea kukusikia, hasa mtoto anapotolewa. Sisi tunalijua hilo toka darasani, kwa hiyo tukaona kila mtu analijua. Na upande wa pili ni mbaya zaidi: kuna siku ganzi haishiki vizuri kweli. Mama aliyeambiwa "tulia" atanyamaza siku hiyo pia.

Dada aliongeza swali lake mwenyewe, sikumtuma: "Nani alikupa ganzi?" Majibu: yule nesi, daktari aliyepasua, sijui, alikuwa nyuma yangu. Sijui niseme nimeumia au nimecheka. Ninakaa kichwani mwa mtu saa nzima nikitazama presha yake na oksijeni yake, kumbe kwake mimi ni sauti ya mgongoni.

Wiki ya 4

Baridi kwanza, kwa sababu ndiyo rahisi.

Ganzi ya mgongo hulegeza mishipa ya damu kuanzia kiunoni kwenda chini. Joto lililokuwa katikati ya mwili linashuka miguuni na kupotea, na mwili unajibu kwa kutetemeka kule juu ambako misuli bado ina nguvu. Ongeza kiyoyozi, maji baridi ya kusafishia tumbo, na dripu iliyotoka stoo, na mgonjwa amevaa kipande cha shuka.

Daktari wa upasuaji anataka kiyoyozi. Namwelewa, amevaa aproni ya plastiki chini ya gauni na taa iko juu ya kichwa chake. Tumekubaliana kizimwe tangu mgonjwa anapoingia mpaka atakapofunikwa vitambaa vya upasuaji, kisha awashe atakavyo. Dripu zinakaa kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kipimajoto kikiwa ndani. Vitenge viwili vizito vimeshonwa na mke wa fundi, kimoja cha mabega na kifua, kingine cha njia ya kurudi wodini.

Tahadhari kwa mtakaoiga: ndugu mmoja wa mgonjwa, kwa mapenzi tu, alijaza maji ya moto kwenye chupa ya soda akataka kumwekea dada yake nyayoni. Mguu wenye ganzi haujui kuungua. Tumeandika onyo kwa herufi kubwa mlangoni mwa wodi.

Sasa maumivu. Hapa ndipo nilipotumia wiki nzima kusoma mafaili. Ganzi inaisha baada ya saa mbili au tatu hivi. Dawa ya maumivu imeandikwa vizuri, kila baada ya saa nane. Lakini ukitazama ilipotolewa mara ya kwanza, ni pale mgonjwa alipolia. Asiyelia hakupata. Na wodini kwetu sifa kubwa ya mgonjwa ni uvumilivu: "Yule mama wa kitanda cha nne, mvumilivu sana, hata hatukumsikia." Nimeisema sentensi hiyo mwenyewe mara nyingi, tena kwa sifa. Mama wa kitanda cha nne aliweka komwe moja.

Tumekubaliana na wauguzi wa wodi: dozi ya kwanza inatolewa mguu ukianza tu kucheza, kabla ganzi haijaondoka yote. Mgonjwa mwenyewe ndiye kengele. Anaambiwa, "Ukiweza kugeuza kidole gumba cha mguu, ita."

Wiki ya 5

Njaa. Ah, njaa.

Kanuni inajulikana: chakula kigumu kiachwe angalau saa sita kabla ya usingizi, na maji au chai ya rangi angalau saa mbili kabla. Sababu yake ni kwamba mtu akilala na tumbo limejaa, vilivyomo vinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Wagonjwa wengi wanadhani chakula kinaharibu nguvu ya dawa. Hakuna aliyewaambia vinginevyo.

Huku kwetu wote huambiwa wasile wala wasinywe kuanzia saa sita usiku, wa kwanza kwenye orodha na wa mwisho. Kisha inaingia dharura ya mama mjamzito, inaingia nyingine, na mzee wa ngiri anaitwa saa tisa alasiri. Chakula chake cha mwisho kilikuwa saa moja jioni ya jana. Mzee mmoja alimwambia dada: "Mimi Ramadhani nafunga tangu utoto, lakini Ramadhani tunakula daku."

Nikapendekeza wa kwanza abaki na kanuni ya usiku, na wengine waruhusiwe maji na chai ya rangi asubuhi, thieta ikipiga simu wodini kila orodha inapobadilika. Jumanne ilikwenda vizuri. Jumatano ikaharibika. Tuliandika "vimiminika", na mama mmoja akanywa kikombe cha uji. Uji ni wa kunywa, ndiyo, nani atambishia? Lakini tumboni ni chakula. Upasuaji wake ukaahirishwa, mumewe akagomba ukumbini, na muuguzi wa zamu ameapa kurudi kwenye saa sita usiku kwa kila mtu.

Kosa ni langu. Nilitafsiri neno la kitabuni badala ya kutaja vikombe. Karatasi mpya inasema: maji, chai ya rangi bila maziwa, basi. Uji hapana. Togwa hapana. Maziwa hapana. Dafu, mmoja aliuliza; dafu tumelikataza pia hata kama naweza kulitetea, ili tusigombane juu ya nyama yake.

Wiki ya 6

Dharura, dharura, umeme kukatika. Hakuna aliyeulizwa.

Wiki ya 7

Tumeanza kupita wodini jioni, saa kumi na moja, baada ya orodha kwisha. Dakika kumi kwa mgonjwa. Ninajitambulisha kwa jina na kazi: mimi ndiye nitakayekuwa kichwani kwako kesho, sitatoka mpaka utakapotoka.

Swali linalotoka mapema kuliko yote ni "nitaamka?" Naanza kuelewa kwa nini. Watu wanaita nusu kaputi, na hiyo kaputi inasikika kama ile kaputt ya Kijerumani, kitu kilichovunjika. Nusu kufa. Ukimwambia mtu atapewa nusu kaputi, ameshahesabu nusu nyingine. Sasa naeleza tofauti: ganzi ya mgongo utakuwa macho, utaongea na mimi, dawa ya usingizi utalala, na nitahesabu kila pumzi.

Maelezo ya ganzi nimeyapunguza mpaka yakaingia kwenye pumzi mbili tatu. Utakaa, utajikunja kama kamba wa baharini. Kutakuwa na baridi ya spiriti, kisha mchomo. Miguu itapata joto, halafu itakuwa mizito kama si yako. Utasikia kuguswa na kuvutwa, hutasikia kukatwa. Ukisikia kukatwa, sema, hata kama daktari ameanza. Nawaambia warudie hiyo ya mwisho kwa mdomo wao.

Akina mama wanauliza mgongo. Karibu kila mmoja ana shoga aliyeharibikiwa mgongo kwa sindano. Nawaambia ninachokijua: mahali pa mchomo panaweza kuuma siku chache, lakini maumivu ya mgongo ya miezi na miaka hayajaonekana kuwapata zaidi waliochomwa kuliko waliojifungua bila sindano. Mimba yenyewe, kubeba mtoto na kuinamia beseni vinatosha kuumiza mgongo. Wengine wanaamini, wengine wananitazama kama muuza gari bovu.

Jambo jipya: ketamini. Tunaipenda kwa sababu mgonjwa kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe na presha haianguki kirahisi, kwa hiyo hata mashine ikigoma kazi inaenda. Lakini ina ndoto. Kijana wa bodaboda tuliyemnyoosha mguu aliamka akipiga kelele kwamba anaruka juu ya bahari. Mjomba wake nje akasikia na kuanza kusoma, akidhani jini limempanda. Dada alipomuuliza kijana baadaye aliweka komwe nne, akasema ndoto ilikuwa tamu. Mjomba angeulizwa, asingeweka hata moja. Kuanzia sasa tunawaambia wote wawili mapema, mgonjwa na aliyemleta, na tunamwacha mtu aamke mahali penye utulivu bila kupigwapigwa mashavu.

Wiki ya 8

Tumegundua tunauliza mapema mno.

Dada wa masjala alikutana sokoni na mama aliyekuwa ametuwekea komwe tano. Mama ana kichwa kinachompasuka akikaa, kinatulia akilala. Amekunywa dawa za malaria bila kupimwa. Hii ni sindano ya mgongo, kila mtoa usingizi ataitambua: maji ya uti wa mgongo yanavuja kwenye tundu tulilotoboa, na kichwa kinauma mtu akiinuka. Mara nyingi huanza siku ya pili au ya tatu, wakati mgonjwa ameshajibu dodoso na ameshapanda daladala.

Maumivu haya yana umri sawa na ganzi yenyewe. Mwaka 1898 kule Kiel, Ujerumani, daktari wa upasuaji August Bier alitaka kuijaribu mwilini mwake. Msaidizi wake Hildebrandt akamchoma, lakini bomba halikukaa vizuri kwenye sindano na maji ya uti yakamwagika. Wakabadilishana, Bier akamchoma Hildebrandt, kisha akampiga muundi kwa nyundo kuona kama anaumia. Hakuumia, siku ile. Kisha wote wawili wakaumwa, na Bier kichwa kilimlaza siku nyingi. Akayaandika yote. Yeye hakuhitaji dodoso, kichwa kilikuwa chake.

Kwa hiyo tunapiga simu siku ya tatu na ya saba. Wasio na simu wanaacha namba ya jirani. Tunauliza kichwa kwanza. Mama wa sokoni tumemrudisha, amepata dawa, maji mengi na kahawa, anaendelea vizuri. Asingepata nafuu tungempa rufaa akazibwe tundu kwa damu yake mwenyewe.

Nilikwenda stoo kuangalia sindano. Zimechanganyika, namba 22 na 25. Namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba, na tundu lake dogo. Namba 22 zinatumika kwa sababu ziko juu ya boksi. Nimeziweka chini kabisa na kumwomba mfamasia aagize 25 zenye ncha ya penseli, zinazosukuma nyuzi za utando kando badala ya kuzikata. Amesema ataona.

Wiki ya 9

Kikao na uongozi. Nimechora kwa mkono: wiki ya pili ngazi ya tano tupu, tangu wiki ya tatu komwe zimeshuka. Mjumbe mmoja akauliza swali la haki kabisa: "Kwa hiyo mradi umeharibu huduma?"

Nikamsomea daftari la dada, kurasa mbili. Ya soksi, ya shahada, ya daku. Ukumbi ukanyamaza. Matroni, ambaye sikutegemea, akasema yeye mwenyewe alipasuliwa miaka ya nyuma, hospitali nyingine, na mpaka leo hamjui aliyemlaza.

Wameongeza miezi mitatu. Rimu ya pili sijaipata.

Wiki ya 10

Yule mzee wa busha wa wiki ya pili, aliyesema niandike zote nzuri, amerudi kwa upande wa pili. Nilimpitia jana jioni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie ya kuvutwa, akauliza kama chai yake inaweza kuwa na sukari. Inaweza.

Leo dada amemkalia na kigoda. Ameweka komwe tatu.

"Mbona umetupunguzia, mzee?"

"Safari ya kwanza sikujua mnaweza kufanya zaidi ya pale. Kitenge kizuri. Sindano ya maumivu ilichelewa. Yule kijana wa kichwani," akataja jina langu, akalikosea kidogo, "mwambieni aongee polepole, mimi sikio hili halisikii."

Kesho orodha ina wanne. Kitenge kimoja kiko kwenye kamba, hakijakauka. Napita wodini saa kumi na moja, na kwa mzee wa kitanda cha pili nitakaa upande wa kulia.